Kabla Sijatia Sahihi

Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka 2023, tulipokwisha kula chakula cha mchana na watoto wakatoka kwenda kucheza, mume wangu alileta bahasha ya kaki akaiweka mezani, juu ya kitambaa ambacho kilikuwa bado hakijapanguswa. Ndani yake mlikuwa na karatasi kumi na moja. Kumi zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi yake. Ya mwisho ilikuwa na nafasi tupu, na juu ya nafasi hiyo paliandikwa kwa herufi nene: Idhini ya Mwenzi wa Ndoa.

“Mama Neema,” aliniambia, “hapa panakungoja wewe tu.”

Ndugu msomaji, ningependa kujisifu kwamba niliziona hatari zote papo hapo. La hasha. Nilikuwa tayari kutia sahihi. Kilichonizuia ni kwamba kalamu haikupatikana. Neema alikuwa ameitia katika mkoba wake wa shule, na mkoba ule ulikuwa umeachwa kwa jirani tangu Ijumaa. Basi bahasha ikarudishwa juu ya kabati, na mimi nikapata siku mbili ambazo sikuziomba.

Tulikuwa tukiishi Tabata, katika vyumba viwili na sebule, kwa kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi, nayo ililipwa kwa miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wengi wa jiji hili. Kila ifikapo Juni na Desemba nyumba yetu iliingia katika mfungo ambao haukuandikwa katika dini yoyote. Kwa miaka tisa tulikuwa tumeweka akiba katika chama cha akiba na mikopo cha kazini kwangu, kisha tukauza kiwanja kidogo tulichokuwa nacho Mkuranga, tukapata shilingi milioni 15. Nyumba tuliyoonyeshwa na dalali ilikuwa Kinyerezi, yenye vyumba vitatu, uzio, na dirisha la jikoni linalotazama mwembe. Bei yake ilikuwa milioni 75. Benki ilikubali kutukopesha milioni 60 zilizobaki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, tulipe kwa miaka 20. Kusema kweli, dirisha lile la jikoni ndilo lililonimaliza. Tangu siku nilipoliona nilikwisha kulipachika pazia akilini mwangu.

Jioni ile alifika baba yangu. Yeye ni karani mstaafu, na nyumba anayokaa hadi leo aliijenga kwa mkopo wa Benki ya Nyumba aliouchukua mwaka 1984. Wasomaji wa umri wangu huenda hawaikumbuki benki hiyo. Ilianzishwa mwaka 1973 ili wananchi wapate fedha za kujengea makazi, ikafungwa mwaka 1995, na baada ya hapo kwa miaka mingi mfanyakazi wa kawaida hakuwa na pa kukopa kwa ajili ya nyumba, isipokuwa kwa mwajiri wake au kwa ndugu. Watu wakajenga kwa kudunduliza: msingi mwaka huu, tofali mwaka kesho, bati Mungu akipenda. Ni baada ya kutungwa kwa sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya rehani, na kuanzishwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya aina hii, ndipo benki za biashara zilipoanza kuirejesha rehani ya nyumba katika orodha ya huduma zao. Riba iliyokuwa asilimia 22 hadi 24 katika miaka ile ya mwanzo ilishuka, na kufikia mwaka 2023 nyingi zilikuwa kati ya 15 na 19.

Baba alizipitisha macho karatasi zetu, akasema, “Tieni sahihi, wanangu. Deni la nyumba halimuumizi mtu. Mimi miaka mitatu ya mwanzo niliona uzito, baadaye nikawa nalipa kama anayenunua sigara.”

Maneno yale yalinituliza sana usiku ule. Siku ya pili, nikiwa kazini, nilimsimulia mwenzangu wa meza ya habari za biashara, naye akacheka. Akanikumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe nimewahi kuliandika bila kulitafakari. Katika miaka ile ya themanini bei za vitu nchini zilikuwa zikipanda kwa asilimia 30 hivi kila mwaka, na riba za benki zilikuwa chini ya kasi hiyo. Fedha ilikuwa ikipoteza thamani, na deni likapotea pamoja nayo. Mishahara ilipoongezwa ili kukimbizana na bei, rejesho la baba lilibaki pale pale lilipoandikwa mwaka 1984. Kati ya mwaka 2022 na 2024 wastani wa mfumuko wa bei nchini ulikuwa kati ya asilimia 3 na 5. Hilo ni jema kwa anayekwenda sokoni na kikapu. Walakini kwa mwenye deni la asilimia 15 maana yake ni kwamba deni halitayeyuka. Litalipwa lote, kwa shilingi ambazo hazipotezi nguvu kwa kasi ile ya zamani. Baba hakutudanganya hata kidogo. Alikuwa akitueleza habari za nchi nyingine, nayo ni Tanzania ya ujana wake.

Jumanne nilikwenda benki peke yangu. Afisa mikopo alikuwa kijana mwungwana, na sina neno baya la kusema juu yake. Nilimwuliza swali ambalo wote tunaanza nalo: kila mwezi tutalipa ngapi? Akajibu: shilingi 790,100. Mimi na mume wangu, makato yote yakiisha, tunapata milioni 2 na laki 4 kwa mwezi, na theluthi yake ni laki 8. “Mnaona?” akasema. “Linakaa ndani ya theluthi. Kwa miaka 15 lingekuwa 839,800, lingepita. Ndiyo maana tuliwapendekezea 20.”

Hesabu ilikuwa safi. Nikainuka kuondoka. Nilipofika mlangoni nikarudi, nikamwomba jedwali la marejesho, yaani ile karatasi inayoonyesha mwezi hata mwezi ni kiasi gani kinakwenda kwenye riba na kiasi gani kinapunguza deni lenyewe. Sikuombea busara. Nilikuwa na saa nzima kabla ya kurudi kazini na nilitaka kitu cha kusoma ndani ya daladala. Alinichapishia bila ubishi. Kila benki inalo jedwali hilo, na mkopaji ana haki ya kuliona kabla ya kutia sahihi. Ila ni nadra sana mtu kuletewa bila kuliomba.

Nilisoma mstari wa kwanza daladala ikiwa Buguruni. Katika shilingi 790,100 za mwezi wa kwanza, shilingi 750,000 zilikuwa riba. Deni lingepungua kwa shilingi elfu 40 na kidogo. Nikadhani ni kosa la mashine. Nikaenda mstari wa 60, mwisho wa mwaka wa tano. Kufikia hapo tungekuwa tumekwisha kulipa zaidi ya shilingi milioni 47. Salio la deni: milioni 56 na laki 4 unusu. Nilirudia kusoma mara tatu. Miaka mitano ya jasho la watu wawili, Neema angekuwa amemaliza shule ya msingi, na deni lingekuwa limepungua kwa milioni 3 na laki 5 unusu tu.

Si wizi, na si hila. Ndivyo rehani inavyofanya kazi popote duniani. Riba hukokotolewa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni lililobaki ni karibu lote, kwa hiyo riba hula sehemu kubwa ya rejesho. Muda unavyorefushwa, sehemu inayobaki kwa ajili ya kupunguza deni huzidi kuwa nyembamba. Nilipoteremka nilikaa kwenye benchi la kituo nikafanya hesabu nyuma ya daftari langu la mahojiano. Kwa miaka 20 tungelipa jumla ya milioni 189 na laki 6. Kwa miaka 15, milioni 151 na laki 2. Unafuu ule wa shilingi elfu 49 na laki... samahani, elfu 49 na mia 7 kwa mwezi, uliotufanya tukae ndani ya theluthi, ungetugharimu zaidi ya milioni 38. (Mkono ulikuwa ukitetemeka, na hata leo ninapoandika tarakimu hizi nazichanganya.) Na kama tungeweza kulipa kwa miaka 10, rejesho lingekuwa 968,000 kwa mwezi, na jumla milioni 116 tu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba swali langu la kwanza lilikuwa swali la mtu anayenunua redio kwa malipo ya kidogo kidogo. Swali la mwenye kununua nyumba ni lingine: baada ya miaka mitano nitakuwa nadaiwa ngapi?

Nawasikia wasomaji wakisema, lakini kodi ya nyumba ni fedha inayopotea, afadhali kulipia chako. Hata mume wangu alisema hivyo hivyo, na kwa sauti kubwa kidogo. Neno hili limezoeleka mno mijini mwetu hata hakuna anayelipima. Kodi inapotea, naam. Riba nayo inapotea, kwa kuwa nayo ni kodi, kodi ya fedha. Kwa Tabata tulikuwa tukipoteza laki 3 kwa mwezi. Kwa Kinyerezi tungepoteza laki 7 na nusu kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, pamoja na matengenezo ya bati na bomba ambayo sasa yangekuwa juu yetu, pamoja na kodi ya majengo na pango la ardhi. Sisemi mtu asinunue. Nyumba yako haina mtu wa kukugongea mlango mwezi wa Desemba, na hilo lina thamani yake ambayo haimo katika jedwali. Nasema tu kwamba tulikuwa tunalinganisha kodi nzima ya Tabata na sehemu ile ya rejesho inayopunguza deni, kana kwamba laki 7 na nusu zile hazikuwapo.

Wiki ile nilizunguka. Mkopeshaji wa pili alinipokea kwa tabasamu: “Kwetu riba ni asilimia 10 tu, dada.” Moyo ukaruka. Bahati nzuri nilikuwa nimekwisha kujifunza kuuliza asilimia 10 ya nini. Ilikuwa ya mkopo wote wa mwanzo, kila mwaka, kwa miaka 10, hata kama nusu ya deni ingekuwa imekwisha kulipwa. Hiyo ndiyo riba ya bapa. Milioni 60 zingezaa riba ya milioni 60, na rejesho lingekuwa shilingi milioni 1 kamili kwa mwezi. Kumbuka kwamba kule kwa asilimia 15, riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, miaka hiyo hiyo 10 ilidai 968,000. Yaani 10 ya huku ilikuwa ghali kuliko 15 ya kule. Ukiigeuza kwa kipimo kimoja inakaribia 16. Dada aliyenihudumia hakusema uongo hata mmoja. Alisema namba, akaniachia mimi niipe maana.

Mkopeshaji wa tatu alikuwa na riba nzuri na kifungu kibaya. Kiliandikwa ukurasa wa saba kwamba benki inaweza kubadili riba wakati wowote kwa kadiri itakavyoona inafaa, bila kikomo. Nilipiga hesabu: milioni 60 kwa miaka 20, riba ikipanda kutoka 15 hadi 18, rejesho lingefika shilingi 926,000 hivi. Ongezeko la laki 1 na elfu 36 kila mwezi si jambo la mchezo kwa nyumba ambayo imekwisha kugawa mshahara wake hadi senti ya chumvi. Riba inayobadilika si dhambi. Mtu aulize tu inafuata kipimo gani, taarifa hutolewa siku ngapi kabla, na kama kuna kiwango ambacho haiwezi kuvuka. Na aulize pia kama atatozwa faini akipata fedha akataka kulipa mapema, maana wengine hutoza.

Gharama za pembeni nitazitaja kwa haraka, ingawa hazikuja kwetu kwa haraka: ada ya maombi, mthamini, wakili, ushuru wa stempu, usajili wa rehani, bima ya moto, bima ya maisha ya mkopaji. Hiyo ya mwisho nilitaka kuinung'unikia hadi nilipoelewa kwamba ndiyo itakayolipa deni akifa mmoja wetu, ilimradi sisi wote wawili tumeandikwa humo, si mume peke yake. Na mthamini huandika bei mbili: bei ya soko, na bei ambayo nyumba ingepata ikiuzwa kwa haraka. Ya pili ni ndogo, nayo ndiyo benki nyingi huitazama. Wengi hushangaa wanapokuta nyumba ya milioni 75 inapewa mkopo kama ya 55, wakati akiba yao wamekwisha kuikabidhi kwa muuzaji.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Baba Neema ni fundi umeme kiwandani, mtu wa kazi na wa maneno machache, na alichosikia katika hesabu zangu si tarakimu. Alisikia kwamba mkewe hamwamini. Kwa siku nne tulizungumza kwa kupitia watoto. “Mwambie baba yako chai iko tayari.” Mnajua mambo haya.

Usiku wa siku ya tano nilimwonyesha sheria, si kwa ubishi, bali kwa kuwa ile nafasi tupu ya sahihi yangu ilikuwa imenitia udadisi. Nafasi ile haikuwekwa na benki kwa adabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuitoa nyumba ya ndoa mikononi mwa familia, hata kwa rehani, bila idhini ya mwenziwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya ndoa itakuwa halali tu ikiwa mwenzi naye ametia sahihi au ipo hati inayothibitisha kwamba ameridhia, na mkopeshaji anawajibika kuhakikisha kama mwombaji ana mwenzi. Sheria hizi zimetungwa kwa sababu ya nyumba zilizopigwa mnada wakati mama na watoto hawajui hata kwamba ziliwekwa rehani. Nikamwambia, “Baba Neema, nikitia sahihi hapa, siku ya kushindwa siwezi kusema sikujua. Basi nijue.”

Alikaa kimya, kisha akauliza, “Tukishindwa inakuwaje?”

Tukasoma pamoja. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji humpa notisi ya maandishi, na sheria inampa siku 60 tangu aipokee ili arekebishe. Zikipita, deni lote hudaiwa na mkopeshaji anaweza kuuza. Anatakiwa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana wakati huo, na ikiwa nyumba imeuzwa kwa pungufu ya asilimia 25 au zaidi ya bei ya wastani ya nyumba kama hiyo, itachukuliwa kwamba hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Ni kinga ya maana. Ila kukimbilia kinga hiyo ni kwenda mahakamani ukiwa umekwisha kuhamia kwa shemeji.

“Siku 60,” akasema. “Kiwanda chetu kilipofungwa mwaka 2017 tulikaa miezi mitano.”

Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Alichukua daftari, akaandika mshahara wangu peke yake, akatoa chakula, nauli, ada ya Neema na ya mdogo wake, akatafuta laki 7 na elfu 90 ndani ya kilichobaki. Hazikuwamo. Hatukununiana tena baada ya usiku ule. Lakini bado tuliitaka nyumba, na dalali alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni kwamba kuna mteja mwingine kutoka Mbezi mwenye fedha taslimu. Tukampa shilingi laki 5 za kushikilia nafasi.

Kisha tukafanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya kabla ya kutoa hata senti. Tulilipia upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili tujue hati ile imeandikwa nini. Ada yake ni ndogo, hailingani na chochote katika hesabu hizi. Majibu yalikuja kwenye karatasi moja. Mwenye nyumba alikuwa kweli ni yule tuliyekutana naye. Pango la ardhi lilikuwa halijalipwa kwa miaka kadhaa. Na nyumba ilikuwa tayari iko rehani kwa mkopeshaji mwingine.

Kuuza nyumba iliyoko rehani si haramu. Fedha ya mnunuzi inaweza kupelekwa moja kwa moja kwa yule anayedai, hati ikafunguliwa, kila mtu akapata chake, ikiwa mambo yanafanywa wazi mbele ya wakili na benki zote mbili. Mwenye nyumba hakutaka njia hiyo. Alitaka tumkabidhi kwanza zile milioni 15, mkononi, naye “atalimaliza mwenyewe hilo jambo dogo.” Mume wangu, ambaye wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutia sahihi karatasi kumi, ndiye aliyesimama kwanza akaniambia twende zetu. Laki 5 hazikurudi. Dalali alisema zilikuwa za usumbufu.

Katika daladala ya kurudi sikulilia laki 5. Nililia dirisha la jikoni. Mume wangu alitazama nje akaniachia nafasi.

Ilituchukua hadi mwezi wa saba kupata nyumba nyingine. Iko Chanika, vyumba viwili na sebule, haina uzio, sakafu ni ya saruji, na madirisha mawili yalikuwa yamezibwa kwa mabati. Ukitaka kufika kazini mapema unatoka nyumbani kabla ya alfajiri kuwa nyeupe. Bei ilikuwa milioni 51. Upekuzi tuliufanya siku ya pili baada ya kuiona, na hati ilikuwa safi. Tulitoa milioni 11, tukabakiza zilizosalia kwa ajili ya wakili, mthamini, ushuru na bima, tukakopa milioni 40 kutoka benki ile ile ya kwanza, kwa yule kijana mwungwana, kwa asilimia 15 ya salio linalopungua, riba isibadilike kwa miaka 5 ya mwanzo, muda miaka 10, na hakuna faini ya kulipa mapema. Kifungu hicho cha mwisho hakikuwamo katika rasimu. Tulikiomba, kikaingizwa.

Rejesho ni shilingi 645,340 kwa mwezi. Naomba msomaji alitazame vizuri: ni pungufu ya zile 790,100 za Kinyerezi, na litakwisha katika nusu ya muda. Jumla tutakuwa tumelipa milioni 77 na laki 4. Ni fedha nyingi kwa nyumba ya Chanika, sikatai. Mdogo wangu, ambaye anajenga Kibaha kwa kudunduliza, hunikumbusha kila tunapokutana kwamba yeye hadaiwi na mtu. Ni kweli. Amefikia linta, na bado analipa kodi Ubungo. Wa kwake ni mwendo mwingine, wenye gharama zake ambazo hakuna afisa wa kumchapishia.

Karatasi ya idhini nilitia sahihi mwezi wa nane, mbele ya wakili, nikiwa nimesoma kurasa zote, na kalamu nilikwenda nayo mwenyewe. Baba alikuja siku tuliyohamia. Alilisoma daftari langu kwa muda mrefu akiwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, akafika kwenye safu ya riba, akavua miwani. “Sisi tulibebwa na bei,” alisema, na hakulizungumzia tena.

Daftari lile sasa linakaa juu ya kabati, mahali pa ile bahasha. Mwezi wa malipo ya 24 ulipofika, nilimwachia Baba Neema alijaze yeye. Tulikuwa tumelipa milioni 15 na laki 4 na ushee, na deni lilikuwa limeshuka kwa milioni 4 na kidogo. Aliandika salio kwa mwandiko wake wa kiwandani, tarakimu zilizosimama wima: 35,961,300. Akalitazama, akapuliza wino ukauke, kisha akauliza kama fundi wa madirisha alikuwa amepiga simu, maana mawingu ya upande wa Pugu yalikuwa yameanza kukusanyika.